Mwana Asomaye Asichokielewa



Ndugu zangu katika imani, na hususan nyinyi kina mama, ambao ndio walimu wa mwanzo wa kila mwana: mzazi humsikia mwanawe wa Gredi ya 5 akisoma ukurasa mzima wa kitabu cha shule bila ya kukwama, naye moyo ukamtua. Lakini hebu kifunge kitabu kile, kisha umuulize: “Mwanangu, umesoma habari gani?” Wako wengi watakaoinamisha kichwa. Macho yamepita juu ya maneno, ulimi umeyatamka, na maana haikuingia.

Tabia hii ina asili yake, nasi watu wa pwani tusiifiche. Watoto wetu huanzia chuoni, ambako hujifunza kuzitamka herufi za Qur’ani kabla hawajakijua Kiarabu. Hiyo ni ibada, na Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kila herufi ina jema lake, na jema hulipwa mara kumi. Bali kitabu cha sayansi hakina ahadi hiyo. Akisomaye bila ya kukielewa hapati thawabu wala elimu. Amejichosha koo tu. Mtoto hawezi kuijua tofauti hii mpaka aambiwe, na anayepaswa kumwambia ni sisi.

Jambo la pili ni lugha. Katika mtaala wetu, watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 hufundishwa kwa lugha ya eneo lao. Kuanzia Gredi ya 4 masomo huwa kwa Kiingereza. Miaka ile mitatu mtoto alikuwa akichongewa ufunguo. Sasa anatakiwa aufungulie milango: hesabu, sayansi, hata somo la dini, yote yamo ndani ya maandishi. Ambaye ufunguo wake haukukamilika hubaki nje ya kila mlango, ilhali mtihani wa KPSEA unamngoja mwisho wa Gredi ya 6.

Basi kabla ya kumgombeza, mpime. Mpe aya fupi ya Kiswahili, aisome kimya, kisha akusimulie. Akikwama katika kuyatamka maneno yenyewe, dawa yake ni silabi, na si aibu kumrudisha huko hata akiwa na miaka 11. Akiyatamka vizuri lakini hana la kusimulia, basi hakuzoezwa kuitafuta maana. Na akisimulia vyema kwa Kiswahili lakini akashindwa kwa Kiingereza, huyo kusoma anajua. Alichopungukiwa ni msamiati wa lugha ya pili. Hawa ni watoto watatu mbalimbali, nasi huwapa wote dawa moja: fimbo, au jina la “mzito”.

Kuna mama atakayesema, “Sheikh, mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidia nini?” Nakujibu: unayo masikio, na unayo maswali. Baada ya sala ya Isha mkalishe robo saa. Asome kipande kifupi, kisha akueleze kwa Kiswahili chenu cha nyumbani: Ni nani aliyetajwa? Limetukia nini? Kwa sababu gani? Wewe waonaje? Akishindwa, airudie ile aya. Mtoto ajuaye kwamba ataulizwa husoma kwa namna nyingine.

Ama kuandika, hakujifunzwi kwa kunakili ubaoni peke yake. Zayd bin Thabit (R.A.) alikuwa mvulana wa takriban miaka 11 Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina. Katika ujana wake aliamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayamudu kwa muda mchache, kisha akawa ndiye mwandishi na msomaji wa barua zao. Zama za Abubakar (R.A.) yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur’ani. Alijifunza kwa sababu palikuwa na barua zinazomngoja.

Nasi tuwape watoto wetu maandishi yenye mwenyewe wa kuyasoma. Mwana na aandike orodha ya vitu vya dukani, akaenda nayo. Amwandikie khaloo yake aliyeko Muscat habari za nyumbani. Aandike namna bibi yake apikavyo mkate wa sinia, hatua kwa hatua, kisha dadake aufuate mwandiko huo jikoni. Kilichosahauliwa kitajidhihirisha chenyewe. Na unapomsahihisha, shika kosa moja kwa siku. Daftari lililojaa wino mwekundu humfunza mtoto kuandika machache.

Wala jambo hili si geni kwa wanawake wa pwani. Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi wa wasia, na mwanzoni mwake anamwita aje na wino na karatasi. Wasia wa mama ulipita katika kalamu, na kwa kalamu hiyo umetufikia.

La mwisho ndilo zito zaidi. Mtoto wa umri huu asiyejua kusoma hujua kujificha. Hukariri alichosikia kwa mwenzake, huugua tumbo siku ya imla, hufanya mzaha darasani ili asiitwe. Akivuka hivyo hadi Gredi ya 7, haya humzidi nguvu, na wengine huiacha shule kabisa, tukasema “hakupenda masomo”. Kumbe aliona haya, na hakuna aliyemuuliza. Muulize sasa, mkiwa wawili faraghani, kwa upole.

Neno la mwanzo la wahyi lilikuwa ni amri ya kusoma. Twamuomba Allah awajaalie watoto wetu wawe ni wenye kusoma na kufahamu, na sisi atujaalie subira ya kuwasikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.