Kuku Wetu Amekula Nini?

Ndugu Waislamu, chumvi ya Uvinza ililetwa Tabora tangu zama za misafara, na wafugaji hadi leo humpa ng'ombe chumvi ya kulamba. Basi kuongeza kitu katika lishe ya mnyama si jambo geni, na asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha.

Linalotutia hofu ni dawa za antibiotiki zichanganywazo katika chakula cha kuku ili wakue haraka. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwa kazi hiyo tangu Januari 2006, kwani vijidudu huzizoea, kisha mgonjwa akakosa tiba. Nasi twauliza tu kama kuku kachinjwa kwa Bismillahi! Mtume (s.a.w.) alikataza kula jallala, mnyama alaye najisi, na imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a.) akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla.

Dawa nazo zina siku zake za kungojea. Auzaye mayai kabla hazijaisha, hali anajua, anawaghushi wanunuzi, japo safu ya kwanza haimkosi. Tunawaomba makhatibu walitaje hili mimbarini, na maafisa mifugo waalikwe misikitini baada ya Ijumaa.