Balozi wa Kristo na Gunia la Lumbesa

Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, sura ya 5, anawaita waamini mabalozi wa Kristo. Jina hilo tumelipenda sana. Tunalichapa kwenye fulana za kwaya, tunalibandika nyuma ya daladala, na wahubiri wamelirudia mpaka masikio yamelizoea. Nasi tukilisikia, anayetujia akilini ni yule balozi wa gari lenye bendera, mtu anayepishwa njia. Ndugu msomaji, nadhani ingetufaa zaidi kumfikiria balozi wa nyumba kumi, tuliyenaye Tanzania tangu siku za TANU. Huyu hana gari wala mlinzi. Watu wakigombana usiku, mlango wake ndio unaogongwa. Mgeni akiingia mtaani, anapelekwa kwake. Na majirani wanajua kama analipa deni la dukani, kama wanawe wanashiba, kama mkewe ameamka na uso uliovimba. Chama kiwe na sera nzuri kiasi gani, katika nyumba zile kumi sura ya chama ni yeye.

Paulo mwenyewe alikuwa balozi wa aina hiyo. Korintho ulikuwa mji wa biashara, wenye bandari pande mbili, na alipofika huko, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 18, alikaa nyumbani kwa Akila na Prisila kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja: kushona mahema. Alidumu mjini humo mwaka mmoja na nusu. Basi tumfikirie mteja aliyenunua hema kwake, mvua ya kwanza ikanyesha, mshono ukaachia. Je, mtu huyo angerudi kusikiliza habari za upatanisho na Mungu? Angerudi, naam, lakini kudai fedha yake.

Sasa twende shambani. Mkulima wa viazi wa Njombe amevuna. Mnunuzi anafika na lori na magunia yake. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezwa viazi vingine juu, linafungwa kwa kamba, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa, na kila mkulima wa viazi, vitunguu au mahindi anaijua. Sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100. Hata hivyo, magunia ya kilo 130 na zaidi hupakiwa mchana kweupe. Tufanye hesabu ndogo: mkulima akiuza magunia 10 ya namna hiyo, ametoa kilo 300 bure. Ni magunia matatu. Ni ada ya mtoto, au mbolea ya msimu ujao.

Jumapili mnunuzi yuko kanisani. Pengine ni mzee wa kanisa, na fungu la kumi hakosi kutoa. Simlengi mtu mmoja. Wanaofanya hivyo wanajijua. Lakini nauliza: katika bahasha ile anayoiweka sadakani, ni kiasi gani ni chake na kiasi gani ni cha mkulima wa Njombe? Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea watu waliokuwa wakingoja Sabato iishe upesi wafungue ghala, wapunguze kipimo na kuchezea mizani. Walikuwa watu wa ibada. Sabato waliishika, wakiwa na haraka nayo.

Najua majibu yaliyopo. La kwanza: mkulima mwenyewe amekubali. Amekubali, ndiyo, kwa sababu viazi vinaoza, barabara itaharibika mvua zikianza, na lori lingine huenda lisije wiki hii. La pili: soko ndivyo lilivyo, ukipima kwa haki utafilisika. Hili lina uzito, sitaki kulidharau. Lakini watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji, katika Luka sura ya 3, wao pia walikuwa na soko lao. Hakuwaambia waache kazi wakaishi nyikani. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango walichopangiwa. Na askari akawaambia waridhike na mishahara yao. Ni ushauri mkavu, hauna wimbo wala kigelegele, na pengine ndiyo maana hauhubiriwi sana.

Jibu la tatu ni la kidini zaidi: tumeokolewa kwa neema, si kwa mizani. Kweli kabisa. Zakayo, mtoza ushuru yule wa Injili ya Luka, naye hakununua wokovu. Bwana alikwisha kuamua kuingia nyumbani mwake kabla hajatoa hata senti. Ila mara neema ilipoingia, mtu yule alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu awarudishie mara nne. Neema isiyofika kwenye mfuko wa fedha mimi naitilia shaka.

Hata huku kwetu jambo hili si geni. Uamsho wa miaka ya 1930, uliotoka Gahini nchini Rwanda ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya, ulijulikana vijijini kwa jambo moja lililowashangaza hata wasioamini: watu walirudisha walivyoiba. Walilipa madeni ya zamani, wakawaendea waliowakosea na kukiri. Walikuwa na kasoro zao. Baadhi walihukumu wenzao kwa ukali, na ugomvi ukaingia makanisani. Lakini jirani aliyerudishiwa chake hakuhitaji kuelezwa kwa maneno mengi kwamba jambo limetokea.

Na wewe usiye mfanyabiashara usitabasamu. Msichana wa kazi wa nyumbani kwako anaisoma imani yako kuliko mchungaji wako. Mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi? Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira wa kibarua uliozuiliwa unapiga kelele, na Mungu anazisikia. Fundi unayeahidi Jumamosi ukijua hutamaliza, karani unayeficha faili mpaka upewe chai, mnawakilisha nani saa hizo?

Mnunuzi mwenzangu katika imani, msimu huu beba mizani kwenye lori lako, upime mbele ya mkulima, ulipe kwa kilo. Na yule uliyemzidishia gunia msimu uliopita, kwake unapajua. Mpelekee kilicho chake kabla hujapeleka sadaka.