Romingi: Kinachokula Kredo Si Umbali, Ni Mikataba

Leo tuzungumze kuhusu romingi, yaani kutumia laini yako ya nyumbani ukiwa nchi nyingine. Sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe jambo hili linatuhusu sana. Kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga ni kama kilomita 100 tu, na ukivuka hapo uko Horohoro, mkoa wa Tanga. Na kutoka uwanja wa ndege wa Moi, pale Changamwe, vijana wetu wanaondoka kwenda kutafuta riziki Ghuba.

Maoni yangu ni haya: bei kubwa ya romingi haitokani na ugumu wa kazi. Ukiwasha simu Tanga, mtandao wa huko unauliza mtandao wako wa Kenya, "Huyu ni wenu?" Ukijibiwa ndiyo, unapokelewa. Ni kompyuta mbili zinazungumza kwa sekunde chache. Baadaye mtandao wa ugenini unatuma hesabu ya matumizi yako kwa bei ya jumla waliyokubaliana, na wa kwako unaongeza faida yake. Kredo inayeyuka hapo.

Ushahidi upo. Septemba 2006 Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania: mteja akapokea simu bure na kupiga kwa bei ya nchi aliyomo. Kuanzia mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda, kisha Sudan Kusini, zilikubaliana kufuta malipo ya kupokea simu na kuweka kikomo cha bei ya kupiga. Tanzania haikuwamo. Ulaya nayo ilifuta gharama za ziada kati ya nchi za Umoja huo tarehe 15 Juni 2017. Minara haikubadilishwa, kilichobadilika ni makubaliano.

Mpaka tufike huko, jilinde hivi:

1. Zima data ya romingi kabla ya kusafiri. Programu za simu hujisasisha zenyewe bila kukuuliza.

2. Ukiwa Vanga au Lunga Lunga, chagua mtandao wako kwa mkono. Simu inaweza kushika mnara wa Tanzania hata kama hujavuka mpaka.

3. Bonyeza ##002# kisha piga, kabla ya kuondoka. Inafuta uhamishaji wote wa simu. Bila hivyo, simu usiyoipokea inaweza kukufuata ugenini, kisha ikarudi Kenya kwenye sanduku la sauti, nawe ukatozwa safari zote mbili.

4. Tumia simu ya laini mbili. Laini ya nyumbani ibaki kwa M-Pesa na namba za siri za benki, laini ya huko iwe ya intaneti na kupiga.

5. Anayekwenda Ghuba aulize kwanza sheria za huko kuhusu simu za intaneti. Saudi Arabia ilizifungulia nyingi mwaka 2017, lakini si kila nchi imefanya hivyo.

Kampuni zitasema zimewekeza fedha nyingi. Sawa, zilipwe. Lakini mteja ajue analipa nini kabla ya kulipa. Ulaya tangu mwaka 2010 data ya romingi ilikatwa ikifika Euro 50 kwa mwezi, mpaka mteja mwenyewe akubali kuendelea. Kuandika programu ya kikomo kama hicho si kazi ngumu, nawaambia kama mtu anayeishi kwa kuandika programu.

Wadigo wako pande zote mbili za mpaka ule. Msiba ukitokea Tanga, wafiwa wako Likoni pia. Mtu asilazimike kukata simu ya mama yake kwa kuhofia kredo. Mamlaka ya mawasiliano ya Kenya na ya Tanzania zikae meza moja, zimalize jambo hili. Kompyuta zao zinaelewana siku nyingi.

Haya, tukutane makala ijayo. Safari njema!