Wazee wanaoshindwa kuzuia mkojo wapimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi wa huku Misima, na naamini Handeni na Korogwe kote, hatupendi kulitaja mbele za watu. Nalo ni la wazee wetu kushindwa kuzuia mkojo.

Mzee wa namna hii utamtambua kwa mambo anayoyaacha. Msibani haendi, mkutano wa kijiji haendi, basi la Korogwe hataki hata kulisikia. Msikitini haonekani, ingawa masheikh wanafundisha kwamba mwenye maradhi haya ana ruhusa yake: atawadhe wakati wa sala unapoingia, kisha aswali. Maji anayapunguza akidhani ndiyo dawa, kumbe mkojo mzito hukiudhi kibofu na shida huzidi.

Akifikishwa zahanati, mara nyingi huambiwa moja kati ya mawili. Ama "huo ni uzee tu", ama ana yutiai, na papo hapo anaandikiwa vidonge bila hata tone la mkojo kupimwa. Mimi nasema yote mawili ni kukwepa kazi. Uzee hulegeza misuli, ni kweli, lakini mkojo hauvuji bila sababu, na sababu ni nyingi.

Mama anayevuja akikohoa, akicheka au akijitwisha ndoo, misuli yake ya chini imelegea, na yapo mazoezi ya kuikaza. Anayebanwa ghafla asifike chooni ana shida nyingine. Baba ambaye mkojo wake hukatika-katika, na matone yakaendelea mchana kutwa, huenda tezi dume imebana njia na kibofu kinafurika. Huyo akiambiwa ni uzee, figo zake zinaweza kuharibika. Kisukari huleta mkojo mwingi. Baadhi ya dawa za presha kazi yake ni kukojosha. Kichocho nacho tusikisahau. Mwingine kibofu chake ni kizima kabisa, ila choo kiko nyuma ya nyumba na magoti yanauma. Huyo anahitaji ndoo kando ya kitanda, si vidonge.

Halafu wako akina bibi waliovuja usiku na mchana tangu uzazi wa miaka 30 iliyopita. Hiyo huenda ni fistula, ambayo hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huitibu bila malipo. Inauma sana mtu kuzeeka na ugonjwa wenye tiba kwa sababu tu hakuna aliyemwuliza ulianza lini.

Kuyatenganisha haya hakuhitaji mitambo mikubwa kwa kuanzia. Mganga aulize, tena faraghani, maana dirisha la dawa si mahali pa kumwuliza mama mtu mzima kama anajikojolea, wajukuu wakisikia. Watu wa nyumbani waandike kwa siku 3 saa alizokunywa, alizokojoa na alizovuja. Mganga apapase tumbo baada ya mzee kukojoa, apime mkojo kwa kijikaratasi cha kuchovya, apime sukari, na aulize dawa zote anazomeza. Mwenye damu katika mkojo, au kibofu kisichoisha, apelekwe hospitali akapigwe altrasaundi. Na ambaye tatizo limemwanza ghafla pamoja na miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, apelekwe siku hiyo hiyo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na mabango ya kumpisha mzee kwanza tunayaona ukutani. Ni jambo jema. Lakini kutangulizwa foleni kisha kurudishwa nyumbani bila kupimwa kunamsaidia nini?

Nawaomba waganga wakuu wa wilaya zetu za Handeni na Korogwe waagize kwamba kila mzee anayefika zahanati aulizwe habari ya mkojo bila kungoja aseme mwenyewe, na vile vijikaratasi visikosekane.

Mwananchi,
Misima, Handeni.