Nani Alilala Nyumba ya Chini?



Likizo za shule zinapokaribia, wazazi huwaza ni wapi pa kuwatembeza watoto wakapata burudani na elimu kwa pamoja. Wiki hii tunapendekeza nyumba za kale za pwani yetu zilizogeuzwa makumbusho, nasi tunaichagua moja iwe mfano: nyumba ya Waswahili iliyopo ndani ya mji mkongwe wa Lamu, mwendo mfupi kutoka jengo la Makumbusho ya Lamu linaloitazama bahari. Ni nyumba ya karne ya 18, iliyokarabatiwa na kuwekwa vyombo vya zamani, nayo ipo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mgeni hulipa kiingilio, akapokewa na mwongozaji, kisha akatembezwa chumba baada ya chumba.

Tunawanasihi wazazi wasiiache ziara ya namna hii iwe ya kupiga picha tu. Nyumba hizi zilijengwa na Waislamu kwa ajili ya maisha ya Waislamu, na kila ukuta wake una la kusema kwa mwenye kuuliza.

Tuanze mlangoni. Nje kuna daka, lenye mabaraza ya mawe yanayotazamana, ambapo mwenye nyumba alizungumza na watu bila ya yeyote kuhitaji kuingia ndani. Ukivuka mlango unafika tekani, ukumbi mdogo wenye njia inayopinda kabla ya kutokea kiwandani, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kule kupinda kuna sababu: mlango ukiwa wazi, mpita njia haoni yaliyomo. Mgeni mwanamume aliyekuja kulala aliandaliwa sabule, chumba cha kando, ili asipite walipo wanawake. Baada ya kiwanda ndipo zinapofuatana kumbi ndefu na nyembamba: msana wa tini, msana wa yuu, kisha chumba kiitwacho ndani, na nyuma yake nyumba ya kati. Sakafu hupanda kidogo kila unaposogea mbele, kiasi kwamba mtu huhisi kwa miguu yake kuwa anakaribia sehemu yenye heshima zaidi.

Mtoto atauliza kwa nini vyumba ni vyembamba hivyo. Jibu limo darini. Paa hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi iliyo pana kuliko nguvu yake. Kwa hiyo fundi aliweza kukirefusha chumba atakavyo, lakini si kukipanua. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Yote hayo, mawe, chokaa na miti, yalitolewa baharini na kandokando yake.

Hapa ndipo mzazi anapopaswa kuongeza sauti yake kwenye sauti ya mwongozaji. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu anatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwasalimu wenyewe. Katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo, adabu ya idhini inaingia mpaka ndani ya familia: watoto ambao hawajabaleghe, na wale wanaotumikia nyumbani, wafundishwe kubisha hodi nyakati tatu, kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya Sala ya Isha. Daka, tekani na njia inayopinda ni mafunzo hayo yaliyowekwa katika jiwe. Wengi wetu leo tunaishi katika vyumba viwili vya kupanga, pasipo daka wala kiwanda. Basi muulizeni mtoto palepale: nyumbani kwetu tekani yetu ni ipi? Kama hana jibu, mwambieni kwamba ni ulimi wake unaosema hodi, mkono wake unaosubiri kabla ya kusukuma mlango, na macho yake anayoyainamisha.

Msiipite haraka sehemu ya choo. Humo mna birika la maji ya kutawadhia na kuogea, na watu wa Lamu walizoea kufuga samaki wadogo ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu. Tohara na afya vilikaa pamoja bila ya dawa ya dukani. Kule ndani mtaona zidaka, safu za vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa, vilivyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka nchi za mbali. Na nyumba ya kati, iliyo ya faragha kuliko zote, ilihusishwa na uzazi na pia na kuwatayarisha maiti kwa mazishi. Tunaona katika hilo ukumbusho mkubwa: mlango wa kuja duniani na wa kuondoka ulikuwa mmoja, na watu waliishi wakiutazama.

Mabinti zetu nao waambiwe kwamba, kwa desturi ya wenyeji wenye uwezo, baba alimpa binti yake nyumba anapoolewa. Nafasi ilipokosekana, alimjengea ghorofa juu ya nyumba iliyopo, au chumba cha wikio kinachopita juu ya njia kuelekea nyumba ya pili. Mwanamke aliishi katika mali yake.

Mpaka hapa ziara ni tamu, na aghalabu ndipo inapoishia. Mgeni hushukuru, akatoka. Sisi tunasema kuna swali moja lililobaki, na mzazi wa Kiislamu ndiye anayestahili kuliuliza kabla ya mtu mwingine: nani alifanya kazi katika nyumba hizi, naye alilala wapi?

Jibu linajulikana. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa za watu wenye nafasi, na utajiri wao ulitokana na biashara ya baharini pamoja na mashamba ya bara iliyokabili kisiwa, yaliyolimwa na watumwa. Ndani ya mji, watumwa walibeba maji, walipika na kulea watoto. Katika nyumba nyingi za ghorofa, sehemu ya chini ilikuwa ghala na makazi yao, na wenye nyumba wakakaa juu. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka kumi baada ya Unguja na Pemba. Si zamani kiasi cha kusema hautuhusu.

Wako watakaotulaumu kwamba tunawapa silaha wanaoutukana Uislamu. Tunawajibu kwa upole: dini haihifadhiwi kwa kuficha. Matendo ya Waislamu hupimwa kwa dini, wala dini haipimwi kwa matendo yao. Qur'ani imeifanya kuacha huru mtumwa kuwa kafara ya kuua kwa kukosea na ya kuvunja kiapo, na ikatenga fungu la zaka kwa ajili ya ukombozi. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, walishwe tunachokula, wavishwe tunachovaa, wala wasikalifishwe wasiyoyaweza. Bilal (r.a.), aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyeadhini. Tukiwa na mizani kama hiyo mkononi, kwa nini tuogope kuwapima nayo wazee wetu? Walipoitimiza tuwaombee kheri, na walipopungukiwa tuwaombee msamaha, kisha tujitazame wenyewe.

Na kujitazama huku ndiko tunakokutaka hasa. Kwanza, katika misikiti yetu wamo wajukuu wa waliolala juu na wajukuu wa waliolala chini, bega kwa bega katika safu moja. Lakini posa inapoletwa, bado hunong'onwa nyuma ya pazia neno la asili, na kijana mwenye dini na tabia njema akarudishwa kwa sababu ya babu wa babu yake. Mtoto aliyeambiwa ukweli wa nyumba ya chini, akaambiwa pia kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu ubora ni taqwa, hatakuwa mwepesi wa kulitamka neno hilo.

Pili, wengi wetu tuna binti wa kazi nyumbani. Ametoka kijijini, huenda ni Mwislamu mwenzetu, huamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Tujiulize: yeye analala wapi? Je, ana mlango wa kufunga anapobadilisha nguo, au sitara tunayoisifu katika nyumba ya Lamu ni yetu peke yetu? Anakula pamoja nasi au anakula masazo? Mshahara wake unalipwa kwa wakati? Anapewa nafasi ya kusali na ya kwenda darasani? Aya ile ya 58 inamtaka anayetumikia aombe idhini kwetu. Nasi adabu inatudai tumbishie hodi yeye pia.

Kwa hiyo, mkijaaliwa kwenda, zungumzeni na watoto usiku wa kabla ya safari, kila mmoja aandae swali lake. Msalimieni mwongozaji na kumsikiliza bila ya kumkatiza, maana naye ni mwenyeji wenu kwa saa hiyo. Msiguse nakshi, kwani chokaa huliwa na vidole. Ulizeni kuhusu waliojenga na waliotumika, kwa lugha ya heshima. Mwongozaji aliyebobea hufurahi kuulizwa. Na mkirejea nyumbani, kabla ya kuonyeshana picha, kaeni pamoja mpange upya jambo moja tu: chumba, godoro au saa ya kupumzika ya yule anayewatumikia. Mkilifanya hilo, kiingilio chenu hakikupotea.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe za sitara na uadilifu kwa kila anayelala ndani yake, awarehemu waliotutangulia, wa juu na wa chini. Amin.