Nani Kabeba Mzigo?

Kila kitabu cha vita au cha safari za hatari ninachoazimwa, nakiuliza swali moja kabla ya mengine: mzigo kabeba nani? Siulizi nani alifyatua risasi. Hilo kitabu kitanieleza chenyewe, tena kwa maringo. Nauliza unga ulifikaje pale, maji nani alikwenda kuyachota, na lile hema analolala shujaa ukurasa wa 90, ambalo ukurasa wa 40 lilikuwa ng'ambo ya mto, lilivukaje. Vitabu vingi tunavyosifiana siku hizi havina jibu. Mbaya zaidi, wasomaji wake hawaoni hata kama kuna swali.

Tuseme wazi tunachosoma. Hosteli ninayoishi nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, vitabu vinazunguka chumba hadi chumba kama sufuria ya kuazima. Sun Tzu yupo, na wengi wanamsoma ili wauze viatu mtandaoni. Wilbur Smith yupo, kurasa zimelegea, kanunuliwa kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini kule Posta. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wanaishi kwenye simu, kwa PDF zisizojulikana nani kazichapa upya. Na kwa wale wanaojiona wamekomaa, wasiotaka tena kusoma "hadithi", kuna historia za Kiingereza za Vita Kuu ya Kwanza hapa kwetu, ambazo nyingi zinamzunguka mtu mmoja: Paul von Lettow-Vorbeck.

Huyo Lettow ndiye aliyenifanya nikae chini niandike. Mwenzangu mmoja, msomaji hodari kuliko mimi, alitumia nusu saa nzima kunieleza ufundi wake. Kwamba jeshi lake, hata liliposhiba kabisa, lilikuwa na Wajerumani kama 3,000 na askari weusi kama 11,000, na bado likawahangaisha Waingereza, Wahindi, Makaburu na Wabelgiji. Kwamba alivuka kwenda Msumbiji, akarudi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wakati huko Ulaya vita ilishakwisha wiki mbili nyuma. Hakushindwa! Nikamwuliza: miaka yote hiyo alikula nini? Akajibu, "Si walikuwa wanajipanga."

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Kujipanga huko kulikuwa na miguu, na miguu ile ilikuwa na watu.

Mimi ni mtoto wa Kilangali, wilaya ya Kilosa, kule bondeni kwenye mpunga, upande wa kusini kuelekea Mikumi. Mgeni akija kwetu haoni vita yoyote. Anaona majaruba, mifugo, na milima kwa mbali. Lakini Agosti 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, Kaburu aliyepigana upande wa Mwingereza, yaliteremka kwa kufuata reli ya kati kutoka Dodoma na Mpwapwa yakaingia Kilosa. Siku chache baadaye Jenerali Smuts akaingia Morogoro. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Ruaha Mkuu na Mahenge, na wenzao wakawafuata. Ukitoka Kilosa kwenda kusini huna njia nyingi za kuchagua. Mlima uko pale, mto uko pale.

Sasa fikiria jeshi linavyosafiri katika nchi hiyo. Reli ipo, imekamilika hadi Kigoma miaka miwili tu kabla, lakini Wajerumani wanaoondoka wanavunja madaraja nyuma yao. Farasi wa Makaburu wanakufa kwa mbung'o, na wanakufa kwa maelfu. Malori ni machache, na mvua zikianza yanazama kwenye udongo mweusi hadi kwenye mhimili. Kinachobaki ni kichwa na mabega ya binadamu.

Kichwa cha binadamu kina hesabu yake, na hii ndiyo hesabu ambayo wapenzi wa mikakati wanairuka. Mpagazi hubebeshwa ratili 60 hivi, yaani kama kilo 27. Tuseme ni unga mtupu, na tuseme anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 13 kuufuata mstari wa mbele, amekula kilo 13. Siku 13 za kurudi anahitaji kilo nyingine 13. Kwa hiyo baada ya karibu mwezi mzima wa kutembea, mtu huyu amemfikishia askari aliyeko vitani kilo moja. Moja! Ukitaka hesabu hiyo ijibu vizuri zaidi una njia mbili: umpunguzie posho aliyebeba, au umnyang'anye chakula mwanakijiji unayempita. Majeshi ya pande zote mbili yalifanya yote mawili. Ndiyo maana jirani zetu wa Ugogo wanaikumbuka njaa ya Mtunya iliyofuata, baada ya ng'ombe na nafaka zao kuchukuliwa na kila aliyepita na bunduki.

Upande wa Mwingereza peke yake, hesabu zinazotajwa mara nyingi ni wapagazi wapatao milioni moja kwa vita nzima, na waliokufa wakikaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Upande wa yule fundi asiyeshindwa, waliobeba hawakuandikwa kwa namna yoyote ya maana. Huwezi kujua gharama ya ufundi wa mtu ambaye hakuandika risiti.

Kwetu habari hii iko kwa Bibi tu. Aliipata kwa babu yake, ambaye kaka yake mkubwa alichukuliwa akiwa juu ya paa anaezeka nyumba, kiangazi kile. Haijulikani kama alichukuliwa na Mjerumani anayeondoka au na Mwingereza anayeingia. Wiki zile walipishana. Nyumba ilibaki nusu ina nyasi, nusu ni fito, mpaka mvua zilipoimaliza. Nikimdadisi Bibi ni nani hasa aliyemchukua ndugu huyo, ananiambia, "Alichukuliwa na vita, mjukuu wangu," kama vile mtu anavyosema fulani kachukuliwa na mto.

Weka habari hiyo kando ya hii. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, kusini ya Kisaki, mdunguzi wa Kijerumani alimpiga risasi Frederick Selous, mwindaji Mwingereza mwenye umri wa miaka 65 aliyejiunga na vita. Husemwa sana kwamba Selous ndiye aliyempa H. Rider Haggard mfano wa Allan Quatermain, shujaa wa King Solomon's Mines cha mwaka 1885, kitabu ambacho mwaka 1929 kilitoka kwa Kiswahili kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na babu zetu wakakisoma shuleni. Kaburi la Selous lipo hadi leo, na lina bamba lenye jina lake. Pori zima la akiba liliitwa kwa jina lake, mpaka sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Yaani riwaya za safari na historia ya vita, ambazo maktaba inaziweka kwenye rafu mbili tofauti, zilizikwa shimo moja mkoani kwetu.

Katika hicho kitabu cha Haggard watumishi wawili, Khiva na Ventvögel, wanakufa njiani, mmoja kwa tembo na mwingine kwa baridi. Mabwana wanatoka na almasi mifukoni. Nilikuwa nimejiandaa kumlaani Haggard kwa hilo, lakini angalau yeye aliwapa majina. Wanahistoria wa Lettow hawakufika hata hapo.

Wilbur Smith sina muda naye mrefu. Shout at the Devil, cha mwaka 1968, kinachukua kisa cha manowari ya Kijerumani iliyojificha delta ya Rufiji na kukigeuza uwanja wa michezo wa wazungu wawili. Rufiji ina mamba, mbu, pembe za ndovu na Wajerumani wabaya. Warufiji wapo kama magogo yalivyopo.

Kwa Musiba naumia zaidi, kwa sababu nampenda. Kufa na Kupona, cha 1974, kilimpa Mtanzania kijana kitu ambacho hakuna mzungu angempa: mpelelezi mweusi, mwerevu, anayewinda maadui wa ukombozi wa Afrika na kuwashinda. Lakini mwangalie Willy Gamba anavyosafiri. Ndege, hoteli, gari la kasi, kinywaji, bastola. Mkoba wake hauna uzito. Wakati ule ule ukombozi wa kweli ulikuwa na kambi Kongwa tangu 1964, ng'ambo tu ya milima ya kwetu, na wapigania uhuru waliokuwa pale walikula ugali ambao kuna mtu aliulima, mtu akausaga, na mtu akausonga. Musiba aliandika kwa watu waliokuwa na kiu ya kuona mmoja wao akishinda, na namwelewa. Ninaoshindwa kuwaelewa ni wanaoandika leo, nusu karne baadaye, riwaya za makomando kwenye simu, wanaojua aina ya bunduki na urefu wa mtutu wake, lakini shujaa wao anakaa msituni siku tisa bila mtu yeyote, mwandishi akiwemo, kujiuliza anakula nini. Vita vya Kagera tunavizungumza vivyo hivyo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, kila mtu anajua. Malori na mabasi yaliyochukuliwa kwa wenyewe ili kupeleka jeshi, na madereva wake, nani kawaandikia riwaya?

Najua nitakachojibiwa: hii ni burudani, acha kutuharibia. Ukianza kuhesabu vibaba vya unga, hadithi inalala. Sikubali, na ushahidi ninao. Abdulrazak Gurnah, katika Paradise cha 1994, ambacho sasa tunacho kwa Kiswahili kama Peponi, anatupeleka bara na msafara wa mfanyabiashara Aziz. Wapagazi wamo, mnyapara yumo na fimbo yake, hongo zinadaiwa njiani, watu wanaugua, watu wanakufa. Nilikisoma usiku mmoja nikashindwa kukiweka chini. Hatari inakuwa hatari kweli unapojua unga umebaki wa siku ngapi. Shujaa asiyeshikwa na njaa hanitishi hata akizungukwa na kikosi kizima.

Tatizo liko kwetu sisi wasomaji, na limo hadi kwenye ulimi. "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," tunasema, halafu tunacheka. Wanyamwezi walibeba misafara ya kutoka bara hadi pwani kama watu wenye kazi yao: walipatana ujira, walijua njia, na mwenye mali akiwaonea waliweza kutua mizigo na kuondoka. Ufundi huo tumeufanya mzaha, wa Lettow tumeufanya somo.

Nenda ukaitazame Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927. Ni askari mmoja na bunduki yake. Nairobi, kwenye sanamu ya mwaka mmoja baadaye, wako watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sisi mpagazi wetu tulimwachia jina la soko: Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza, na ukiwauliza watu mia wanaonunua vitenge pale sijui ni wangapi watakwambia hivyo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti ile ni ya bure na ni ya kweli. Sijaona mtu akiizungusha vyumbani kama anavyozungushwa Sun Tzu.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, watu wa umri wetu, walitumwa vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji wakati walioishuhudia walikuwa bado hai. Tunachojua leo kuhusu vita ile kwa mdomo wa waliopigana, sehemu kubwa kimetokana na madaftari yale. Wapagazi wa 1916 hawakupata bahati hiyo, na sasa mashahidi wenyewe wamekwisha. Waliobaki ni wajukuu waliosimuliwa, na Bibi yangu ana miaka 84.

Kwa hiyo likizo hii sisomi riwaya. Naanzia Kilangali, kisha Tindiga, kisha Ulaya, nikiwa na daftari na simu ya kurekodia. Nitauliza nani alichukuliwa, kutoka nyumba gani, alibebeshwa nini, nani alirudi na alirudi na nini. Yule mwenzangu wa Lettow amesema angependa tufuatane. Nimemwambia karibu, ila begi lake atabeba mwenyewe.