Athari ya Tuskegee Hapo Kabete
Ndugu mwandishi, falsafa ya elimu ya Wamarekani umeieleza vyema, walakini sisi wakazi wa Jamhuri ya Kenya hatuna haja ya kuvuka bahari kuitafuta athari yake, kwani hapo Kabete, baada ya Tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilifunguliwa mwaka 1925 Jeanes School, iliyopewa jina la Anna Jeanes wa Philadelphia, ili walimu Waafrika wafunzwe kilimo, siha na kazi za mikono kwa kuiga Tuskegee, chuo cha Wamarekani weusi huko Alabama. Jembe lina heshima yake; ninalolikataa kwa dhati ya moyo ni ile dhana ya kwamba mtoto mweusi, awe wa Alabama au wa Kiambu, apimiwe elimu kwa rangi yake, dhana ambayo msomi Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois aliipinga kwa ufasaha zama zile zile.